Tupeane uzoefu: ukiwa unavuta tela, mlima unaushuka na gia gani?

Mzururaji wa Kusini

Wakuu, habari za jioni. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya nilichokiona juzi kwenye mlima wa Kitonga. Nilikuwa natoka Iringa nashuka kuelekea Mikumi, mbele yangu kuna semi, lile lori la kichwa na tela, magurudumu ya nyuma ya tela yanatoa moshi mweupe, na ile harufu ya breki kuungua inaingia mpaka ndani wakati vioo vyangu vimefungwa. Dereva anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Injini yake husikii ikilalamika hata kidogo. Maana yake yuko kwenye gia ya juu sana au hana gia kabisa. Nikasimama pembeni, nikamwacha aende zake.

Mimi kazi yangu ni utalii. Navuta karavani, lile tela la kulala, vitanda viwili, jiko la gesi na tangi la maji, kwa Land Cruiser ya otomatiki, kutoka Dar kupitia Mikumi na Iringa mpaka hifadhi ya Ruaha. Likijaa linafika tani moja na nusu. Kupanda hakunipi shida. Kushuka ndiko kila ninayemuuliza ana jibu lake: mmoja anasema acha D na mguu kwenye breki, wa pili anasema weka 2, wa tatu anasema zima O/D, ile gia ya juu kabisa, inatosha.

Mliovuta tela, liwe la mzigo, la boti, la maji, semi au karavani, tupeane uzoefu. Mlima gani, mzigo gani, gia gani, kikatokea nini.

Kijana wa Ilula

Hiyo harufu tumekua nayo. Subiri wazee wa semi waje.

Mzee Gia Nane

Vijana, nimewasoma. Mimi nimeendesha Dar, Tunduma mpaka Lusaka enzi ambazo gari halina ritada, kile kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu, wala hizo breki za kompyuta. Tulichokuwa nacho ni gia, breki za upepo na akili.

Sheria tuliyofundishwa ni moja: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoushukia. Kama Kitonga uliipanda na gia ya tatu ukiwa na mzigo, basi siku unarudi na mzigo unaishuka na ya tatu. Na gia hiyo unaiweka JUU, kabla gari halijainamisha pua. Siyo katikati. Siyo baada ya kona ya kwanza. Pale juu unasimama, unashuka, unagonga matairi yote na nyundo, unasogeza mgongo wa mkono karibu na ngoma za breki usikie kama kuna moja ina moto kuliko wenzake, unaangalia mipira ya upepo kati ya kichwa na tela, unaacha upepo ujae. Ndipo unapanda, unaweka gia yako, unashuka kama mtu aliyebeba mayai.

Watakaokupita wakipiga honi waache wapite.

Tunduma Ekspresi

Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe kwa kila neno.

Kolorado255

Mzee shikamoo, heshima yako. Naomba niongeze kitu, siyo kukupinga. Nipo Marekani, jimbo la Colorado, naendesha malori na likizo navuta karavani la familia. Kitabu cha leseni ya malori huku kinaitaja sheria hiyohiyo ya gia uliyopandia, lakini kinasema ilikuwa ya magari ya zamani. Magari ya sasa yameumbwa yapite kwenye hewa kirahisi, matairi na injini vina msuguano mdogo, na injini zina nguvu. Kwa hiyo gari linaweza kupanda mlima na gia ya juu kuliko ile inayoweza kulishikilia likishuka. Kwa gari la kisasa punguza gia moja zaidi ya uliyopandia, wakati mwingine mbili.

Hilo la kuiweka kabla ya kushuka halijabadilika popote duniani.

Mzee Gia Nane

Marahaba mwanangu. Hilo nalikubali. Hizi gari mpya kweli zinapanda kama hazina mzigo, ndiyo maana vijana wanadanganyika kwenye kushuka.

Bakari Frii

Mnatisha watu bure. Mimi nashuka milima yote ya Mbeya bila gia, napiga frii, breki zangu nzima, nafika. Siri ni kujua gari lako.

Kijana wa Ilula

Bakari, kaka, hilo jina ulipewa au ulijipa?

Mnakuru

Jameni, hiyo frii ndiyo imetumaliza sisi huku. Mimi ni wa Nakuru. Ile barabara ya kwenda Eldoret, kipande cha Sachangwan mpaka Salgaa, ni mteremko mrefu ambao ukiutazama hauogopeshi, haujipindi sana kama Kitonga yenu. Ndiyo ubaya wake. Dereva ametoka mbali, amechoka, anaona barabara imenyooka mbele, anatoa gia ili aokoe dizeli. Lori linaanza polepole. Baada ya muda liko kwa mwendo ambao hakuna gia itakubali kuingia tena, na mbele kuna matatu na watu wa soko. Tumezika watu wengi mno kwa hicho kipande, mpaka jina Salgaa likawa la kutisha nchi nzima. Na Juni 2023, mbele kidogo pale Londiani, lori lilishinda dereva likaingia kwa watu, zaidi ya 50 wakafa.

Bakari, tafadhali ndugu yangu.

Bakari Frii

Pole kwa misiba. Lakini na nyie mjue dereva anaishije. Tajiri anakupimia lita za safari. Ukibakiza, hizo ndizo ada za watoto. Posho tunayopewa haifiki mwisho wa safari. Mnapolaumu frii, mlaumu na anayepima mafuta.

Fundi Gia Boksi

Bakari hapo kwenye posho una hoja, na matajiri waisome. Ila kwenye dizeli unajidanganya, niruhusu nikueleze kifundi.

Gari likiwa kwenye gia, unashuka, mguu umeutoa kwenye mafuta: magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwa injini za sasa, kompyuta inakata mafuta kabisa, nozeli hazirushi hata tone. Ukitoa gia, injini haina kinachoizungusha, lazima iunguze dizeli ili isizimike. Kwa hiyo kwenye mteremko mkali frii inakula mafuta na gia haili. Frii inakubakizia kitu pale tu mteremko ni mdogo, ambapo gia ingelipunguza gari mwendo na ukalazimika kukanyaga tena. Hata hapo ni kidogo sana.

La pili ni upepo. Kompresa inazungushwa na injini. Ukiwa frii, injini iko sailensa, yaani inazunguka polepole bila mafuta ya mguu, kompresa inajaza taratibu, na wewe ndiyo wakati unatumia breki kuliko wakati wowote. Unatoa upepo mwingi, unaingiza kidogo. Kwenye gia ya chini injini inazunguka kwa kasi, kompresa inajaza vizuri. Gia inakushikia gari na papo hapo inakulindia breki.

Tunduma Ekspresi

Hii ya kompresa ilikuwa hainijii kichwani kabisa. Asante fundi.

Utingo wa Zamani

Nilikuwa nasoma tu kimya lakini Fundi ulipotaja upepo mwili umenisisimka. Nitaandika, mnisamehe urefu.

Nilikuwa tandiboi kabla sijafungua duka Makambako. Tulitoka Zambia na shaba, zile bamba zilizofungwa mafungu, mzigo mdogo kwa macho, tela linaonekana kama tupu, lakini uzito umejaa hadi mwisho. Dereva wetu akashikwa na malaria Mbeya, akalazwa. Tajiri akatuma mtu wa kulifikisha gari Dar. Kijana mwenzetu tu, mpole, mcheshi, lakini alikuwa amezoea kupandisha matenki kwenda juu na kurudi nayo matupu. Yaani Kitonga alikuwa anaijua kwa kuipanda na mzigo na kuishuka bila mzigo. Hilo sikulifikiria mpaka baadaye.

Tunakaribia kuanza kushuka nikamwambia, kaka, hapa mwenzako huwa anasimama, anaweka ya tatu. Akasema, sita inatosha, ina ritada hii. Kweli ilikuwa na ritada. Akaivuta mpaka mwisho, gari likapungua, akanitazama kama anasema umeona. Tukashuka vizuri kona ya kwanza, ya pili. Kisha ikawaka taa kwenye dashibodi, mshale wa joto ukapanda, na ritada ikaanza kuachia yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Fundi atanisahihisha, nadhani inajilinda na joto.

Gari likaanza kuvuta. Akakanyaga breki, likashika. Akaachia, likavuta tena. Akakanyaga. Kwenye kioo cha pembeni naona moshi unatoka kwenye tela, mwanzoni kama vumbi, halafu mweupe kabisa. Akasema, naweka ya nne. Akakanyaga klachi, akatoa sita, akabonyeza kile kidude cha kushusha upande wa chini, akasukuma. Ikakataa. Krrrrr. Akasukuma tena kwa mikono miwili. Krrrrr. Akataka kurudi sita, na sita nayo haitaki. Ikawa hatuna gia.

Ndugu zangu, kelele za injini zilikatika ghafla. Kukawa na sauti ya matairi na upepo dirishani tu. Chupa ya chai ikabingirika toka kwangu ikaenda kugonga miguu yake. Nikainama kuiondoa isiingie chini ya pedali, nilipoinuka nikaona mishale miwili ya upepo inashuka. Saba. Sita. Tano. Kila akikanyaga inashuka, na pedali inakwenda chini zaidi bila gari kupungua. Ilipofika karibu na nne ile king'ora ya dashibodi ikaanza kulia na haikunyamaza tena.

Mbele kuna basi linapanda. Akapiga honi mkono haujatoka, akawasha taa zote. Basi likabana kwenye ukingo wake, tukapita. Niliona sura za abiria.

Akaniambia, shika chini. Akalisogeza gari upande wa mlimani, si upande wa korongo, akaanza kulisugua na ukuta wa mawe. Kwanza kioo kikaondoka. Kisha matairi ya upande ule yakawa yanajibana na mtaro, vyuma vinapiga kelele, cheche zinaruka. Tela likavuta kichwa, akakata usukani kidogo kidogo, wala hakuukata wote, na hapo ndipo nakiri alikuwa na roho ya dereva. Upepo ulipoisha kabisa zile breki za springi zikajifunga zenyewe, zikashika kwa kuwa mwendo ulikuwa umeshapungua. Tukasimama. Fungu moja la shaba lilikuwa limekatika mkanda na kulala ubavu.

Hakuna aliyekufa. Yeye alikaa mikono kwenye usukani, akaniomba maji. Nikampa yale ya kunawia, mengine yalikuwa yamemwagika.

Kijana wa Ilula

Dah.

Mnakuru

Mungu ni mkubwa. Na wale wa kwenye basi?

Utingo wa Zamani

Wazima wote. Dereva wa basi alisimama juu kidogo akarudi kwa miguu kutuona. Akatuletea na mawe ya kuwekea matairi.

Mbishi wa Kweli

Sikatai kwamba lilitokea jambo, ila naomba nielezwe. Ritada ikate yenyewe? Na gia iliyotoka sasa hivi ikatae kurudi? Mimi nina Scania, gia nikitoa narudisha muda wowote.

Tunduma Ekspresi

Mbishi, mtu anakusimulia kifo unamuuliza gia?

Mbishi wa Kweli

Uzi wenyewe ni wa gia mkuu. Ndiyo nauliza.

Fundi Gia Boksi

Swali lake ni halali, tusimzibe mdomo.

Ritada nyingi zinafanya kazi kwa kukoroga oili. Ule mwendo wa gari unageuka kuwa joto ndani ya oili, na joto hilo linapelekwa kwenye maji ya rejeta. Maji yakizidi joto, mfumo unapunguza nguvu ya ritada ili injini isichemshe. Sasa ukiwa gia ya juu, injini inazunguka polepole, pampu ya maji nayo polepole, feni polepole. Yaani ritada kwenye gia ya sita inapoozwa kidogo kuliko ritada kwenye gia ya tatu au nne. Yule kijana alitegemea kifaa ambacho nacho kinategemea gia.

Kuhusu gia kukataa. Gia boksi ya nane ina gia nne za chini na nne za juu, unavuka kwa kile kidude. Kutoka sita kwenda nne unavuka kutoka juu kwenda chini. Kwenye mwendo mkubwa boksi nyingi zina kinga ya kuzuia uvukaji huo, maana ukiingia unavunja meno. Na wakati anahangaika, gari liliendelea kuongeza mwendo, kwa hiyo hata sita ilikuwa imeshaachwa nyuma: ilihitaji injini izunguke kuliko injini inavyoweza, au angalau kuliko alivyoipa. Wewe ukiitoa gia kwenye tambarare na kuirudisha, gari halijabadili mwendo, ndiyo maana inakubali.

Gia ya chini haiombwi wakati gari limeshakimbia. Inaombwa wakati gari limenyamaza.

Mbishi wa Kweli

Hapo nimeelewa. Utingo, samahani kaka.

Utingo wa Zamani

Hamna shida ndugu.

Mwalimu wa Namba

Mimi si dereva, ni mwalimu wa fizikia, ila nimekaa na kalamu baada ya kusoma ya Utingo. Chukua mfano wa gari la tani 50 linaloshuka mita 500 kwenda chini. Nishati inayotakiwa kuondolewa ili gari lisiongeze mwendo ni tani 50 mara 9.8 mara mita 500, inakuja megajuli 245. Ukigeuza kuwa uniti za LUKU ni uniti 68. Nyumba ya kawaida inaweza kukaa na uniti hizo karibu mwezi. Zote zinatakiwa zitoke kama joto ndani ya dakika chache, na zinatoka kwenye breki, kwenye injini, kwenye ritada au kwenye hewa na matairi. Hakuna njia nyingine.

Sasa tuseme mteremko huo una urefu wa kilomita 8. Ukishuka kwa kilomita 20 kwa saa, unatumia dakika 24, na joto linatoka kwa kasi ya kilowati 170. Ukishuka kwa 60, unatumia dakika 8, na ni kilowati 510. Mlima ni uleule, mzigo ni uleule, ila breki zinapewa moto mara tatu kwa kila sekunde. Gia ndiyo inayoamua kati ya hizo namba mbili.

Mzee Gia Nane

Mwalimu, haya mahesabu yabandikwe pale juu Kitonga kwenye bango.

Bakari Frii

Uniti 68. Sawa. Nimesoma.

Dada wa Soni

Naona mnazungumza semi tu, na mwenye uzi ana karavani. Mimi navuta tela la mboga kwa Hilux ya gia za mkono, Lushoto kushuka Mombo. Wanaoijua barabara ile wanajua: nyembamba, kona haziishi, genge upande mmoja na jiwe upande mwingine, na kuna bodaboda kila kona. Tela langu halina breki, kama matela mengi madogo ya huku. Kwa hiyo gari ndilo linalojishika na kulishika tela.

Nashuka na gia ya pili tangu Soni. Kabichi na karoti si nyepesi. Injini inalia, abiria wanaona naliua gari, nawaacha waseme. Mguu wa breki nautumia kwenye kona tu, nakanyaga kwa uhakika nikiwa bado sijaikunja kona, naachia, nakunja. Ukikanyaga breki katikati ya kona na tela linakusukuma nyuma, mkia wa gari unataka kwenda pembeni. Hilo watu wa semi wanaliita kujikunja, na kwa pikapu linatokea vilevile.

Na jamani, badilisheni oili ya breki. Ya zamani inanyonya unyevu. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka nyuzi 205, ikishaingiwa na maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ikichemka unakanyaga hewa, pedali inafika chini kama umekanyaga godoro.

Kijana wa Ilula

Dada, na ile ya kupampu breki, kukanyaga na kuachia haraka haraka? Dereva wa basi aliniambia ndiyo salama.

Dada wa Soni

Mimi siipampu.

Tunduma Ekspresi

Mimi napampu na niko hai.

Mzee Gia Nane

Kwa breki za upepo kupampu haraka ni kuutoa upepo bure. Msome Utingo tena.

Kolorado255

Huku tunafundishwa hivi: chagua mwendo wako salama, mathalani 60 kwa saa. Gia ikiwa imeshakushikia gari, likifika 60 kanyaga kwa nguvu ya kutosha, kama sekunde tatu, lishuke mpaka kama 52, achia kabisa. Likirudi 60, rudia. Zile sekunde za kuachia ndizo breki zinapoa. Kukalia breki kidogo kidogo muda wote, na kupampu haraka haraka, vyote haviwapi nafasi hiyo.

Sasa nizungumze na Mzururaji, maana karavani nalijua. Langu ni tani tatu, navuta kwa pikapu ya otomatiki yenye gia kumi. Barabara ya I-70 hapa inapanda mpaka handaki la Eisenhower, mita kama 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka upande wa pili mteremko ni asilimia 7, na kuna njia za pembeni za kokoto zilizojengwa kwa ajili ya malori yaliyoshindwa breki.

Otomatiki ikiachwa kwenye D na tela nyuma inahangaika. Wakati wa kupanda inaingia ya kumi, inakosa nguvu, inarudi ya nane, inaona imepumua, inarudi ya kumi. Kila ikihangaika, oili ya gia boksi inapata joto, na joto ndilo linaloua otomatiki. Ndiyo sababu O/D inazimwa: unaifungia gia ile ya juu ili itulie. Hapo aliyekwambia zima O/D alikuwa sahihi, kwa KUPANDA na kwa vilima vidogo. Kwa kushuka Kitonga haitoshi, maana kuzima O/D kunakuondolea gia moja tu.

Kama gari lako lina kitufe chenye picha ya tela, kibonyeze. Kinachelewesha kuongeza gia, na ukigusa breki mteremkoni kinashusha gia yenyewe. Kama halina, fanya kwa mkono.

Mbishi wa Kweli

Otomatiki kuvuta tela ni makosa tangu mwanzo. Uza ununue ya mkono.

Fundi Gia Boksi

Si kweli mkuu. Otomatiki inavuta vizuri sana ikiwa na kipozeo cha oili na oili ikibadilishwa kwa wakati. Zinazoletwa kwangu zimeungua, nyingi oili yake nyeusi na inanuka kama mkate ulioungua. Haikuwa kosa la otomatiki.

Mzururaji wa Kusini

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea uzi ufike hapa. Utingo, simulizi yako nimemsomea mke wangu.

Land Cruiser yangu ni ya dizeli, ina P, R, N, D, 2 na L, na kitufe cha O/D pembeni. Sina hicho chenye picha ya tela. Ijumaa narudi kutoka Ruaha na karavani. Kwa hiyo Kitonga niweke 2 au L? Na injini ikilia mshale ukafika elfu tatu na nusu si nitaiharibu?

Tunduma Ekspresi

L.

Dada wa Soni

2. Na L kwa kona kali.

Mzee Gia Nane

Anza na 2 ukiwa juu, mwendo mdogo, kama 30. Ukiona unagusa breki kila kona na kila kipande kilichonyooka, 2 haikutoshi. Punguza kwa breki mpaka gari litambae, ndipo uweke L. Usiweke L ukiwa unakimbia.

Fundi Gia Boksi

Elfu tatu na nusu haiui injini. Angalia alama nyekundu kwenye mshale wa mizunguko, usiiguse, chini ya hapo injini ilie inavyotaka. Injini ikilia bila mafuta haibebi mzigo mkubwa, inazungushwa tu. Kelele si ugonjwa. Hakikisha tu maji ya rejeta na oili viko sawa kabla hujatoka.

Mzururaji wa Kusini

Sawa. Nitaweka 2 nikiwa juu kabisa. Na nafikiria kumwaga lile tangi la maji Iringa mjini ili nishuke nikiwa mwepesi.

Dada wa Soni

Nusu tangi ndiyo mbaya, maji yanakimbia mbele na nyuma kila ukishika breki. Ama lijae ama liwe tupu.

Kolorado255

Subiri kwanza usimwage. Tangi liko wapi, mbele ya ekseli ya karavani au nyuma? Karavani linatakiwa liulalie mpira wa kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari, kwa karibu asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake. Kama tangi liko mbele na ukalimwaga, mpira unakuwa mwepesi, na tela lenye mpira mwepesi linaanza kuyumba mkia likishuka kwa kasi.

Mzururaji wa Kusini

Liko mbele, chini ya kitanda.

Kolorado255

Basi liache limejaa, na vyombo vizito visirundikwe nyuma. Likianza kuyumba usikanyage breki kwa hofu wala usipambane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, liache litulie. Na ile 2 iwe imeshaingia.